Namna ya kuzungumza na watafiti kuhusu utafiti wao mpya wa afya: mwongozo kwa msomaji wa Dar es Salaam

Tafiti nyingi za tiba na afya ya jamii zinazohusu Tanzania zina mwandishi aliye umbali wa nauli ya daladala kutoka ulipo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kiko Upanga. Taasisi ya Afya Ifakara ina ofisi Mikocheni. COSTECH, wanaotoa vibali vya utafiti, wako Kijitonyama, na kituo cha daladala cha pale kinaitwa Sayansi. Hata hivyo wauguzi, wakunga, wafamasia, wanafunzi na waandishi wa habari wengi husoma kazi za watu hawa kwa miaka bila kuwauliza lolote.

Wengi wanaamini kwamba ukimuuliza profesa lazima uwe na elimu ya profesa. Sivyo. Mwandishi ameishi na takwimu zake muda mrefu, na kuhusu hizo hutamfundisha kitu kirahisi. Asichokuwa nacho ni habari za leba yako usiku wa Jumamosi, duka lako la dawa Mbagala, au mtaa wako Tandale mvua zikikolea. Swali lenye thamani ni lile linalochukua sentensi moja kutoka kwenye makala yake na kuiweka mbele ya jambo unaloliona wewe kazini. Mengine yote hapa chini ni maandalizi ya kulifikia swali hilo.

Hatua ya 1: Pata makala yenyewe

Usimwandikie mtafiti kwa kutegemea ulichosoma kwenye grupu la WhatsApp wala kichwa cha habari. Tafuta makala. Ingia PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za tiba, andika jina la mwandishi na neno kuu la mada. Huko muhtasari ni bure, na makala nyingi zimeunganishwa na PubMed Central ambako unasoma zote bila kulipa. Kama jarida linadai pesa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya kulipia bure au kwa bei ndogo. Ulizia kwenye maktaba ya chuo au hospitali iliyojisajili. Ya pili ni kumwomba mwandishi mwenyewe nakala ya PDF. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, hakuna atakayekushangaa, na mara nyingi mazungumzo mazuri huanzia hapo.

Angalia pia kama unachosoma kimepitiwa na wataalamu wengine au bado. Rasimu zinazowekwa medRxiv, hazina iliyoanza mwaka 2019, zina onyo juu kabisa kwamba hazijahakikiwa. Rasimu si takataka. Tena huo ndio wakati mzuri kuliko wote wa kumwandikia mwandishi, kwa sababu bado anaweza kurekebisha.

Hatua ya 2: Soma kuanzia katikati

Hitimisho ni sehemu ambayo mwandishi anakueleza ufikiri nini. Liache kwanza. Anza na mbinu, kisha nenda kwenye jedwali la matokeo makuu, ndipo urudi juu.

Tuchukue mfano mmoja na tuukalie. Mwezi Machi 2022 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la vyandarua lililofanyika wilayani Misungwi, Mwanza, na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mwanza, wenzao wa chuo cha tiba cha KCMC Moshi na wa London. Walilinganisha vyandarua vya kawaida vyenye dawa ya pairethroidi peke yake na aina tatu za vyandarua vyenye dawa mbili. Baada ya miezi 24 walipima watoto. Katika kundi la vyandarua vya kawaida, watoto 549 kati ya 1,199 walikuwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 45.8. Katika kundi la vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na dawa ya klofenapiri walikuwa 326 kati ya 1,275, asilimia 25.6. Pembeni ya namba hizo kuna OR (odds ratio, nitaieleza sasa hivi) ya 0.45, na mipaka ambamo namba ya kweli inakadiriwa kuwamo ni 0.30 hadi 0.67.

Sasa, mtu mmoja atasema chandarua kipya kimepunguza maambukizi kwa asilimia 20. Wa pili atasema 44. Wa tatu, aliyeona 0.45 akatoa kwenye moja, atasema 55. Wa kwanza ametoa 25.6 kwenye 45.8: katika kila watoto 100, takriban 20 zaidi hawakuwa na vimelea. Ni sahihi, ila aseme "pointi 20 za asilimia". Wa pili amegawanya tofauti hiyo kwa 45.8, naye yuko sahihi. Wa tatu amekosea, kwa sababu OR hailinganishi asilimia kwa asilimia. Inalinganisha wenye vimelea kwa wasio navyo katika kundi moja, dhidi ya hesabu hiyohiyo katika kundi la pili. Ugonjwa ukiwa wa nadra, namba hizi mbili hukaribiana. Hapa karibu nusu ya watoto wa kundi moja wana vimelea, kwa hiyo zinaachana mbali.

Chukua kikokotoo cha simu. Gawa 25.6 kwa 74.4, kisha 45.8 kwa 54.2, halafu jibu la kwanza kwa la pili. Utapata kama 0.41, na makala inasema 0.45. Je, watafiti wamekosea? Hapana. Jaribio liligawa vyandarua kwa makundi ya vitongoji, 84 kwa jumla, na hesabu yao si ya kugawanya moja kwa moja kama yako. Lakini ona ulichopata: umekutana na tofauti halisi, na sasa unajua kuuliza "mlirekebisha kwa vigezo gani, na kwa nini hivyo?" Hilo ni swali ambalo mtakwimu yeyote atalijibu kwa furaha. Aliyesoma hitimisho tu asingelifikia.

Halafu jiulize la kwetu. Misungwi ni vijijini, na mbu mkuu aliyekuwa akieneza malaria kule ni Anopheles funestus aliyezoea pairethroidi. Dar es Salaam kelele kubwa ya usiku ni ya mbu wa kwenye mitaro na mashimo ya vyoo, Culex, ambaye haenezi malaria bali matende na mabusha. Mtu wa Buguruni akilalamika kwamba chandarua kipya "hakifanyi kazi, mbu bado wapo", analalamikia mbu gani? Ukimpelekea mtafiti swali hilo kutoka mtaani, umempa kitu.

Hatua ya 3: Jua unayemwandikia

Katika makala nyingi za tiba, jina la kwanza ni la aliyefanya kazi kubwa na la mwisho ni la kiongozi wa utafiti. Mwandishi wa mawasiliano ana alama ya nyota au bahasha, na barua pepe yake ipo hapo. Mwishoni kuna aya inayoeleza nani alifanya nini: nani alikusanya data, nani alichambua. Swali la takwimu lipeleke kwa aliyechambua, na swali la jinsi mambo yalivyokwenda wodini lipeleke kwa aliyekuwa huko. Mwandishi wa mawasiliano akiwa Ulaya, tafuta Mtanzania katika orodha. Mara nyingi ndiye anayejua kilichotokea kweli.

Ukiwa hapo, pitia mambo machache kwa haraka: nani alilipia utafiti, nani ametangaza mgongano wa maslahi, na kibali cha maadili kimetoka wapi. Kibali cha taifa hutolewa kupitia NIMR na namba yake mara nyingi huanza na NIMR/HQ/R.8a. Majaribio ya dawa yanahitaji pia idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Jaribio la tiba lazima liwe limesajiliwa, kwa mfano kwenye ClinicalTrials.gov au kwenye sajili ya Afrika, PACTR. Fungua sajili uone kipimo kikuu walichoahidi mwanzoni, kisha ulinganishe na walichoripoti. Vikitofautiana na makala haielezi sababu, hilo ni swali zito, na liulizwe kwa upole zaidi kuliko yote.

Hatua ya 4: Tengeneza swali moja

Moja. Mawili ikibidi. Barua yenye maswali tisa huwekwa pembeni ijibiwe wikiendi, na wikiendi hiyo haifiki.

Tuseme wewe ni mkunga na umesoma jaribio la E-MOTIVE, la kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, lililochapishwa Mei 2023 kwenye New England Journal of Medicine. Lilihusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na akina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali zilizopewa mfumo mpya zilitumia mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia damu. Mama akivuka kiwango, hatua zote zinachukuliwa kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kumchunguza kutafuta chanzo. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipatikana kwa asilimia 1.6 ya akina mama, dhidi ya asilimia 4.3 kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida.

"Je, mfumo huu unafaa Tanzania?" Swali hili halijibiki, ni pana mno.

"Kwenye hospitali za kulinganisha mlijuaje kiasi cha damu?" Hili ni zuri, ila jibu limo kwenye mbinu: nao waliwekewa mfuko, usio na mistari, ukapimwa uzito baadaye. Ukiuliza kilichoandikwa tayari, umemwonyesha mwandishi kwamba hukusoma.

"Matokeo makuu yamejumlisha damu kuzidi lita moja, upasuaji wa kuzuia damu na vifo. Ni kipi kati ya hivyo kilichoivuta namba zaidi?" Hapa umeanza kuingia ndani. Kipimo kilichojumlisha mambo matatu husomwa haraka na watu kana kwamba ni vifo.

"Mama alifuatiliwa kila baada ya dakika 15 katika saa ya kwanza. Usiku kwetu mkunga mmoja anaweza kuwa na akina mama watatu. Mliandika idadi ya wakunga kwa kila zamu?" Hili ndilo. Limeshika sentensi ya makala kwa mkono mmoja na leba kwa mwingine.

Hatua ya 5: Andika barua pepe

Mwandishi akiwa Mtanzania, Kiswahili kinatosha kabisa, na huhitaji kuchanganya lugha ili uonekane msomi. Kwa wa nje, andika Kiingereza chepesi. Barua isizidi urefu wa kioo cha simu:

*Mada: Swali kuhusu idadi ya wakunga kwa zamu (E-MOTIVE, Mei 2023)*

*Habari za kazi, Daktari.*

*Mimi ni mkunga, nipo leba katika hospitali moja ya hapa Dar es Salaam. Nimesoma makala yenu pamoja na kiambatisho. Mmeeleza kwamba mama alifuatiliwa kila baada ya dakika 15 katika saa ya kwanza. Kwetu, zamu ya usiku, mkunga mmoja anaweza kuwa na akina mama watatu kwa wakati mmoja. Je, mliandika idadi ya wakunga kwa zamu katika hospitali za Tanzania zilizoshiriki? Kama ipo mahali nami nimeipita, naomba unielekeze ukurasa.*

*Tunataka kulijadili kwenye kikao cha wodi, na jibu lako litatusaidia.*

*Asante kwa muda wako.*

Kisha jina, kazi na namba ya simu. Ile sentensi ya "kama nimeipita" usiidharau. Inampa mwandishi nafasi ya kukujibu kwa mstari mmoja, na inakulinda wewe kama kweli ipo.

Usitaje mgonjwa. Hata ukiwa na kisa kinachofanana sana na utafiti, usiweke jina, namba ya faili wala picha ya kadi ya kliniki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na barua pepe ikishatumwa hairudi.

Hatua ya 6: Uso kwa uso

Makongamano ya kisayansi ya Muhimbili na ya NIMR, pamoja na mikutano ya kutoa mrejesho wa matokeo, ndiyo mahali pa kumkuta mwandishi amesimama. Hapa adabu zetu zina kazi mbili: zinafungua mlango, na wakati mwingine zinafunga mdomo.

Kwenye ukumbi, ukipewa kipaza sauti, uliza. Tuna tabia ya kumshukuru mwenyekiti, kuwashukuru waandaaji, kumpongeza mtoa mada, kueleza historia ya idara yetu, kisha kumalizia na "mimi sina swali, ni mchango tu". Dakika nne zimekwenda, na aliyekuwa na swali nyuma ya ukumbi hakufikiwa.

Kwangu, wakati wa chai ni bora kuliko ukumbini, hasa kama unatofautiana na mzee. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo, Profesa. Mimi ni Sista kutoka wodi ya wazazi. Nimefurahia mada yako. Kuna kitu kwenye jedwali la pili kimenitatiza, naomba unisaidie."

"Enhe, lete."

"Mmesema asilimia 90 ya wajawazito walimeza dawa zote. Kwetu wanazichukua, lakini wakirudi wengine wanatuambia waliziacha kwa sababu ya kichefuchefu. Hiyo 90 mliipata kwa kuwauliza, au mlihesabu vidonge vilivyobaki?"

Hakuna mahali aliposema "umekosea". Ameleta anachokiona, akauliza kipimo. Profesa akijibu kwamba waliwauliza tu, udhaifu umejitokeza wenyewe na heshima imebaki pale pale. Akijibu kwamba walihesabu vidonge, Sista amejifunza kitu. Namba ya jedwali hapo juu nimeitunga kwa ajili ya mfano, lakini swali lenyewe unaweza kulitumia kwa utafiti wowote wa dawa za kumeza nyumbani.

Ukiitwa "binti" au "kijana" katikati ya majibu, lichukulie kwa lugha ya kwetu na urudie swali kwa utulivu. Kukasirika hapo ni kumpa nafasi ya kutolijibu.

Kama wewe ulikuwa mshiriki

Mliotolewa damu, au ambao watoto wenu walichanjwa kwenye utafiti, njia yenu ni fupi zaidi. Fomu ya ridhaa mliyosaini ina namba mbili za simu: ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Nakala mnapaswa kubaki nayo. Kwa mtafiti uliza matokeo kwa jumla yalikuwaje, na kama kuna kipimo chako unachopaswa kujua. Kwa kamati peleka malalamiko, kama vile kutibiwa vibaya au kuambiwa huwezi kujitoa. Huhitaji kupitia kwa mtafiti unayemlalamikia, na huhitaji kuandika kitaalamu. Mwenyekiti wa mtaa au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kukusaidia kupiga simu.

Asipojibu

Subiri wiki mbili, kumbusha mara moja kwa mistari miwili, kisha mwandikie mwandishi mwingine wa makala hiyo. Watu husafiri, barua huzama. Ukimya pekee si ushahidi wa kuficha.

Kama hoja yako ni nzito na inagusa usahihi wa makala, mwandikie mhariri wa jarida. Barua hizi ni fupi mno: New England Journal hutaka zisizidi maneno 175, zifike ndani ya wiki tatu tangu makala itoke. Jarida la NIMR, Tanzania Journal of Health Research, nalo lina mhariri wa kumwandikia.

Na barua za wasomaji zina nguvu. Tarehe 22 Mei 2020 Lancet lilichapisha makala kuhusu haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa korona, ikidaiwa kutoka kwenye rekodi za wagonjwa zaidi ya 96,000 katika mabara sita, zilizokusanywa na kampuni moja ya Marekani, Surgisphere. Wanasayansi wengi waliandika barua ya wazi wakiomba data. Moja ya hoja zao ilihusu Afrika: ingemaanisha kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa korona wa bara hili walitibiwa kwenye hospitali zenye mifumo ya kielektroniki ya hali ya juu iliyounganishwa na kampuni hiyo moja. Aliyewahi kutafuta faili la karatasi kwenye chumba cha kumbukumbu cha hospitali ya wilaya angeguna mara moja. Kampuni ilikataa kuitoa data yote ikaguliwe, na tarehe 4 Juni makala ikafutwa.

Jibu likifika

Jibu, hata kama ni mstari mmoja. Omba ruhusa kabla ya kunukuu redioni, gazetini au kwenye grupu. "Naomba kulitumia jibu lako kwa jina lako, sawa?" inatosha, na usikate kipande cha picha ya barua yake ukakirusha.

Usibadilishe matibabu kwa sababu ya barua pepe. Kati ya utafiti na wodi kuna Wizara na mwongozo wa matibabu wa taifa. Matokeo ya Misungwi yalichapishwa Machi 2022, na Shirika la Afya Duniani likavipendekeza rasmi vyandarua vyenye klofenapiri Machi 2023. Mwaka mzima, na hapo bado zilibaki hatua za nchi zenyewe.

Unachoweza kufanya kesho ni kupeleka makala, swali na jibu kwenye kikao cha wodi au cha elimu endelevu, karatasi moja pande mbili. Mkikubaliana kujaribu kitu kilicho ndani ya mwongozo, kwa mfano kupima damu badala ya kuikadiria kwa macho, andikeni namba za mwezi kabla na mwezi baada, bila majina. Kisha mrudishie mwandishi namba hizo, mwambie na kilichokwama: mifuko iliisha, zamu ya usiku haikufuata, mizani ya wodi iliharibika.

Atakuuliza maswali. Mjibu ndani ya wiki mbili.